Michirizi Iliyoharibu Picha

Juzi mvua ilinikuta Kariakoo. Nikajibanza kwenye kibaraza cha duka moja pamoja na watu wengine kama kumi hivi, kila mmoja kainamia simu yake kana kwamba humo ndimo mvua itakamozimwa. Yangu ilikuwa imekwisha chaji, kwa hiyo nikabaki kutazama dimbwi. Gari moja lilikuwa limevujisha mafuta pale, na juu ya yale maji machafu zikatanda rangi: zambarau, kijani, dhahabu, zinajizungusha polepole. Mtoto mmoja akauliza, "Mama, nani kapaka maji rangi?" Mama yake akamvuta mkono: "Uchafu huo, usikanyage."

Ndugu msomaji, yule mama hakukosea. Ni uchafu kweli. Ila wiki tatu hizi nimekuwa nikisoma historia ya watu waliotumia maisha yao kuchungulia uchafu wa aina hiyo, na sasa siwezi tena kupita kwenye dimbwi la mafuta nikanyamaza. Rangi zile ni kipimo. Zinaeleza unene wa utando wa mafuta juu ya maji, unene ambao hakuna rula ya seremala wala futi ya fundi cherehani itakayoweza kuupima. Zinaeleza, kama unajua kusoma.

Basi leo nataka tuzungumze habari ya michirizi ya mwanga. Nimegundua kitu kimoja katika historia yake: karibu kila mara michirizi hii ilipojitokeza, ilionekana ni dosari. Iliharibu picha, iliharibu jaribio, ilimharibia mtu jina. Na kila mara alitokea mkaidi mmoja akauliza swali tofauti na la wenzake. Wenzake waliuliza, "Tutaiondoaje?" Yeye akauliza, "Inasema nini?"

Tuanze na jambo lisiloingia akilini kirahisi. Ukiwasha taa moja chumbani unapata mwanga. Ukiwasha ya pili mwanga unazidi. Sasa mtu akikwambia kwamba mwanga ukijumlishwa na mwanga unaweza kuzaa giza, utamwuliza amekunywa nini. Hivyo ndivyo alivyoulizwa, kwa lugha ya kisomi zaidi, daktari mmoja wa London aliyeitwa Thomas Young. Kati ya 1801 na 1803 alisimama mbele ya wanasayansi wa Royal Society akawaeleza kwamba mwanga ni mawimbi, na kwamba mawimbi mawili yakikutana yanaweza kusaidiana au kuuana.

Rusha kokoto mbili kwenye bwawa lililotulia utaelewa. Kila kokoto inatoa duara zake. Pale mgongo wa wimbi moja unapokutana na mgongo wa jingine, maji yanapanda zaidi. Pale mgongo unapokutana na bonde, maji yanatulia kama hakuna kilichotokea. Young akasema mwanga nao uko hivyo hivyo: mahali pengine utapata mng'ao, mahali pengine giza, ndiyo maana tunaona michirizi. Katika dimbwi la Kariakoo, mwanga mmoja unarudi kutoka juu ya mafuta, mwingine unarudi kutoka chini yake, pale mafuta yanapogusa maji. Ukija kukutana na jicho lako, huu umetembea zaidi kidogo kuliko ule. Rangi fulani zinasaidiana, nyingine zinauana. Kwa kupiga hesabu za namna hii Young aliweza kukadiria urefu wa wimbi la mwanga, akakaribia sana tarakimu tunazotumia leo: mwekundu ni kama sehemu 7 kati ya 10,000 za milimita, zambarau kama sehemu 4.

Alipongezwa? Wapi! Uingereza ya wakati ule ilikuwa ya Isaac Newton, na Newton alikuwa amesema mwanga ni chembechembe. Mwanasheria kijana, Henry Brougham, alimshambulia Young kwenye jarida la Edinburgh Review kwa maneno makali mno, na watu wakamwamini Brougham. Ilibidi Mfaransa Augustin Fresnel aje miaka zaidi ya kumi baadaye na hesabu zake ndipo hoja ya mawimbi ikasimama. Somo la kwanza hilo kwa sisi waandishi: makala iliyoandikwa vizuri inaweza kuwa na makosa matupu, na bado ikashinda kwa muda.

Haya, turuke mpaka 1881. Kuna kijana anaitwa Albert Michelson, mzaliwa wa Prussia, aliyepelekwa Marekani akiwa mtoto na kusomea chuo cha wanamaji. Yuko Ujerumani kimasomo, na ana swali kubwa. Wakati ule wanasayansi waliamini kwamba kama mawimbi ya bahari yanavyohitaji maji, mawimbi ya mwanga nayo yanahitaji kitu cha kusafiria. Kitu hicho wakakiita etha. Hakionekani, hakishikiki, kimejaa kote. Sasa, kama dunia inakimbia ndani ya etha kwa kilomita kama 30 kila sekunde, basi lazima kuwe na upepo wa etha, na mwanga unaokwenda na upepo hautalingana na unaokwenda kwa kuukata.

Michelson akabuni chombo ambacho mpaka leo kina jina lake: interferometa. Ni rahisi kukieleza. Unachukua mwali mmoja wa mwanga, unaupiga kwenye kioo kinachopitisha nusu na kurudisha nusu. Nusu moja inakwenda huku, nusu nyingine inakwenda kule, zote zinagonga vioo na kurudi kukutana tena. Zikikutana zinatoa michirizi. Njia moja ikibadilika hata kwa sehemu ndogo ya wimbi, michirizi inahama. Una rula yenye mistari iliyochorwa na mwanga wenyewe.

Tatizo ni kwamba chombo kile kilikuwa kinasikia kila kitu. Alianzia Berlin, lakini mitetemo ya mji ikamshinda, akahamia Potsdam. Hata huko, mwenyewe aliandika kwamba mtu akipiga mguu barabarani umbali wa meta 100 hivi, michirizi yote inapotea. Hebu fikiria kukitumia chombo kile Buguruni!

Mwaka 1887, sasa akiwa Cleveland, Marekani, pamoja na mkemia Edward Morley, alirudia jaribio lile kwa uangalifu wa ajabu. Waliweka vioo juu ya bamba zito la jiwe, nalo wakalielekeza lielee juu ya zebaki ili ligeuke polepole bila mtikisiko. Kwa hesabu zao, michirizi ilipaswa kuhama kwa sehemu 4 kati ya 10 za mchirizi mmoja. Walichokiona ni kidogo kuliko sehemu moja ya ishirini ya hicho walichokitarajia. Kwa maneno mengine, hakuna kitu. Upepo wa etha haukuwepo.

Walikuwa wamepanga kurudia vipimo kila baada ya miezi mitatu. Hawakurudia. Michelson alivunjika moyo, na hakufurahia kabisa matokeo yale. Leo jaribio hilo linafundishwa kila mahali kama mojawapo ya majaribio makubwa kupata kutokea, kwa sababu lilipata sifuri na sifuri hiyo ilikuwa ya kweli. Mwaka 1905 Albert Einstein aliandika kwamba fizikia inaweza kwenda bila etha. Michelson mwenyewe alipata Nobel 1907, Mmarekani wa kwanza kuipata katika sayansi, lakini zaidi kwa usahihi wa vyombo vyake. Kwa chombo kile kile alikuwa ameshahesabu ni mawimbi mangapi ya mwanga mwekundu wa kadmi yanayoingia katika meta moja, na mwaka 1960 dunia ikaacha kutegemea fimbo ya chuma iliyofungiwa Ufaransa, ikaipima meta kwa mawimbi ya mwanga: 1,650,763.73 ya mwanga wa gesi ya kriptoni. Tangu 1983 tunatumia mwendo wa mwanga. Kwa hiyo lile bomba la meta la fundi wako, ukifuatilia ukoo wake, babu yake ni mwanga.

Mpaka hapo michirizi ilikuwa inapima umbali. Mtu aliyeigeuza kuwa picha ni Dennis Gabor, na huyu ndiye aliyenifanya nikeshe.

Gabor alizaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1900. Alisomea Berlin, akaajiriwa na kampuni ya Siemens & Halske. Hitler alipoingia madarakani 1933, Gabor, mwenye asili ya Kiyahudi, akaondoka Ujerumani. Mwaka 1934 akafika Uingereza, akafanya kazi katika kampuni ya British Thomson-Houston mjini Rugby. Vita vilipoanza, mgeni huyu hakuruhusiwa kushiriki kazi za siri. Wenzake wakiwa ndani wanashughulikia rada, yeye alipewa kibanda nje ya uzio wa usalama. Akabaki na muda wa kufikiri mambo ambayo hakuna aliyeyataka kwa haraka.

Jambo lililomkera lilikuwa hadubini ya elektroni. Ilikuwa na uwezo wa kukuza kuliko hadubini yoyote ya mwanga, lakini lenzi zake zilikuwa na kasoro iliyotia ukungu kwenye picha. Kila mtu alikuwa anahangaika kutengeneza lenzi bora. Siku moja ya Pasaka mwaka 1947, akiwa kwenye benchi anasubiri zamu ya kucheza tenisi, Gabor akapata wazo tofauti: kwa nini tusichukue picha mbovu, lakini yenye habari zote, halafu tuisahihishe baadaye kwa mwanga?

Hapa inabidi nieleze kidogo. Picha ya kawaida, ya kamera ya zamani au ya simu yako, inaandika nguvu ya mwanga tu. Haiandiki wimbi lilikuwa limefika wapi katika kupanda na kushuka kwake. Ni sawa na mwandishi anayeripoti ngoma kwa kuandika kila pigo lilikuwa na nguvu kiasi gani, asiandike lilipigwa lini. Nguvu unazo, mdundo umepotea. Na umbali, kina, ule umbo la kitu kama kilivyo, vyote vinakaa kwenye mdundo.

Gabor akasema: tuchukue wimbi lililotoka kwenye kitu, tulikutanishe na wimbi jingine safi, lisilopita kwenye kitu chochote. Yakikutana yatatoa michirizi, na michirizi hiyo itakuwa imeshika mdundo. Piga picha hiyo michirizi. Ukiitazama hutaona kitu, ni fujo tupu. Lakini ukiimulika tena kwa lile wimbi safi, fujo inafumuka na wimbi la asili linarudi kama lilivyokuwa. Picha hiyo ya michirizi akaiita hologramu, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya "zima" au "yote". Hologramu ya kwanza aliyoitangaza katika jarida la Nature mwaka 1948 ilikuwa ya maandishi madogo sana: majina ya Huygens, Young na Fresnel. Ndiyo, yule Young aliyesimangwa. Nilipofika hapo nilitabasamu peke yangu.

Ila wazo halikufanya kazi vizuri. Mwanga wa taa ya zebaki aliokuwa nao ulikuwa hafifu na mawimbi yake hayakwenda kwa mpangilio ila kwa umbali mfupi mno, kama sehemu ya kumi ya milimita. Tena kila taswira ilikuja na pacha wake, picha ya pili iliyokaa mbele ya ile ya kwanza na kuivuruga. Hadubini ya elektroni ambayo ndiyo ilikuwa lengo lote haikuponywa. Katikati ya miaka ya 1950 watu karibu wote walikuwa wameachana na holografia, Gabor mwenyewe akiwemo. Alikuwa na jibu, ila taa ya kulisoma ilikuwa haijazaliwa.

Taa hiyo ilizaliwa tarehe 16 Mei 1960, California, pale Theodore Maiman alipowasha leza ya kwanza kwa kutumia fimbo ya yakuti ya kutengenezwa. Mwishoni mwa mwaka huo Ali Javan, mzaliwa wa Tehran, na wenzake wa Bell Labs wakapata leza ya gesi iliyowaka mfululizo. Sasa kulikuwa na mwanga wenye mawimbi yanayotembea kwa hatua moja kama gwaride la sikukuu ya uhuru.

Huko Michigan, kwenye maabara za Willow Run, Emmett Leith alikuwa akifanya kazi za siri za rada ya jeshi. Rada ile ilikusanya mawimbi yaliyorudi kutoka ardhini, ikayaandika kwenye filamu, na filamu ikasomwa kwa mwanga. Leith alikuwa anafanya holografia bila kujua inaitwa hivyo, mpaka alipokutana na maandiko ya Gabor. Yeye na Juris Upatnieks, ambaye familia yake ilikimbia Latvia wakati wa vita, walimtibu yule pacha msumbufu kwa ujanja mwepesi: lile wimbi safi wakalileta kwa pembe, kutoka ubavuni. Taswira mbili zikaachana, kila moja ikaenda upande wake. Walitangaza njia hiyo mwaka 1962. Aprili 1964, kwenye mkutano wa wataalamu wa mwanga mjini Washington, waliweka hologramu ya treni ya kuchezea. Watu wazima, maprofesa, walipanga foleni kwenye korido ya hoteli kuitazama, na wengine wakachungulia nyuma ya kioo kuitafuta hiyo treni imefichwa wapi. Ukihamisha kichwa uliona ubavu wa treni uliokuwa umefichika. Na ukilivunja bamba vipande, kila kipande kinakuonyesha treni nzima, kama mtu anayechungulia nje kupitia dirisha dogo badala ya kubwa.

Wakati huo huo Leningrad, Yuri Denisyuk alikuwa amefika mahali pale pale kwa njia yake, akiongozwa na kazi za Mfaransa Gabriel Lippmann za picha za rangi na, mwenyewe alisema, na hadithi moja ya kubuni ya Ivan Yefremov. Alitangaza 1962. Wakubwa wake hawakuitilia maanani. Ilibidi sifa za Wamarekani zivume ndipo nyumbani wakamkumbuka, akapewa Tuzo ya Lenin mwaka 1970. Mwaka uliofuata Nobel ikaenda kwa Gabor peke yake. Kwamba Leith, Upatnieks na Denisyuk waliachwa ni mjadala ambao haujaisha, na mimi niko upande wa wanaonung'unika.

Wengi wetu tukisikia neno hologramu tunafikiria njiwa kwenye kadi ya benki, au stika inayometameta kwenye boksi la bidhaa. Hizo ni hologramu kweli, za aina iliyobuniwa na Stephen Benton mwaka 1968, zinazoonekana kwa mwanga wa kawaida. Wengine wanafikiria Tupac "aliyefufuka" jukwaani Coachella mwaka 2012. Pole sana, ile haikuwa hologramu. Ni video iliyoakisiwa kwenye utando unaopitisha mwanga, mbinu ya majukwaa ya maigizo ya karne ya 19. Lakini kazi kubwa ya holografia haikuwa mapambo. Ilikuwa kupima. Na iligunduliwa, tena, kupitia picha zilizoharibika.

Holografia ya miaka ile ilidai utulivu wa kaburini. Michirizi inayorekodiwa ni myembamba kuliko unywele mara mamia, kwa hiyo kitu kikisogea hata kidogo wakati bamba likipokea mwanga, picha imekwisha. Maabara zilitumia meza za mawe mazito, watu wakatembea kwa kunyata. Ikitokea taswira imetoka na mikanda myeusi, wewe umekosea, rudia.

Robert Powell na Karl Stetson, hao hao wa Willow Run, waliona mikanda hiyo wakaamua kuifuatilia. Wakachukua kopo la filamu ya kamera, wakalitetemesha kitako chake kwa makusudi, wakalipiga hologramu likiwa linatetemeka. Walichokiona kwenye taswira ni kitako cha kopo kikiwa kimechorwa duara na mikanda kwa mpangilio mzuri. Pasipotetemeka pamewaka sana. Panapotetemeka pana mikanda, na ukiihesabu unajua pametetemeka kwa kiasi gani. Kosa lilikuwa limejichora lenyewe. Walitangaza 1965, na katika miezi hiyo hiyo makundi mengine ya Marekani na Uingereza yalifika huko huko.

Kuna njia ya pili, ambayo mimi naipenda zaidi. Unapiga hologramu ya kitu. Halafu unakisukuma kidogo, au unakipasha joto, kisha unapiga ya pili juu ya bamba lile lile. Ukimulika, vitu viwili vinatokea mahali pamoja: kile cha kabla na kile cha baada. Mawimbi yao yanakutana na kutoa michirizi, na kila mchirizi ni mabadiliko ya nusu ya wimbi hivi. Kwa leza nyekundu ya maabara hiyo ni kama sehemu 3 kati ya 10,000 za milimita. Unakumbuka mistari ya kontua kwenye ramani za jiografia, ile ya mlima na bonde? Ni hiyo hiyo, isipokuwa hapa mlima una urefu mdogo kuliko bakteria.

Kwa nini mtu ahangaike kupima vitu vidogo hivyo? Chukua tairi. Kwa macho ni zima. Ndani, kati ya tabaka mbili, kuna mahali ambapo gundi haikushika. Ukipunguza shinikizo la hewa nje yake, hapo panavimba kidogo sana, mkono wako hautahisi, jicho halitaona. Lakini kwenye hologramu panatokea duara ndani ya duara, kama shabaha ya kufundishia bunduki. Mwishoni mwa miaka ya 1960 matairi yalikuwa tayari yanakaguliwa hivi, na mpaka leo matairi ya ndege, ambayo huvishwa mpira mpya mara kadhaa kabla ya kutupwa, hukaguliwa kwa leza kwa njia inayotokana na hiyo. Rubani anapogusa ardhi na tani zake zote, uhai wa abiria unategemea pia kwamba kuna mtu alitazama michirizi akajua kusoma.

Miaka ya katikati ya 1960 watafiti wa Marekani walipiga hologramu za risasi ikiwa hewani, na michirizi ikaonyesha hewa ilivyojikunja mbele yake. Mwaka 1970 Wasweden walichapisha hologramu za fidla, mikanda ikionyesha ni sehemu ipi ya ubao inayoimba na ipi imenyamaza kwa kila noti. Watengenezaji wa injini za ndege wakazitazama pangaboi zao. Kuanzia miaka ya 1990 bamba la picha likaachia nafasi kamera ya dijitali na kompyuta, na michirizi ikaanza kusomwa kwa hesabu.

Mifano miwili ya mwisho, kisha niwaache.

Wa kwanza ni mkubwa kuliko yote. Mwaka 1972 Rainer Weiss wa chuo cha MIT, aliyezaliwa Berlin na familia yake kuwakimbia Wanazi akiwa mtoto, aliandika ripoti kuhusu interferometa kubwa ya kunasa mawimbi ya uvutano. Sehemu kubwa ya ripoti ile ni orodha ya usumbufu: mitetemo ya ardhi, joto, leza kuyumba, kila kitu kitakachoharibu kipimo. Aliorodhesha adui zake kwanza. Miaka 43 baadaye, tarehe 14 Septemba 2015, vyombo viwili vya LIGO nchini Marekani, kila kimoja na mikono ya kilomita 4, vilisikia mashimo meusi mawili yaliyogongana zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Mikono ilibadilika kwa sehemu ndogo mno ya upana wa protoni. Na unajua chombo kile kinafanyaje kazi? Mwanga unapangwa ujiue wenyewe, mlango wa kutokea ubaki karibu giza. Wimbi likipita, mwanga kidogo unavuja. Mwanga kujumlisha mwanga ni giza. Dokta Young, pumzika kwa amani.

Wa pili unatuhusu zaidi sisi tunaolala chini ya chandarua. Mwaka 2008 watafiti wa MIT na wenzao walitumia vipimo vya mawimbi ya mwanga kutazama chembe nyekundu za damu zenye vimelea vya malaria, bila kuzipaka rangi yoyote. Chembe nzima, ikiwa hai, utando wake unachezacheza muda wote kwa makumi ya nanometa. Iliyovamiwa na kimelea inachezacheza kidogo zaidi kadiri kimelea kinavyokua, kwa sababu inakakamaa, na chembe zilizokakamaa ndizo zinazoziba mishipa myembamba ya mgonjwa. Mtetemo mdogo kuliko wowote ambao mtu angehangaika nao, na umebeba habari ya uhai na kifo. Zahanati zetu bado zinategemea hadubini ya kawaida na kipimo cha haraka cha tone la damu, na huenda itakuwa hivyo kwa muda. Lakini nani angemwambia Gabor, pale kwenye benchi la tenisi, kwamba wazo lake lililoshindwa kuponya hadubini moja lingezaa nyingine?

Nilipoanza kazi ya uandishi, mhariri mmoja alinifundisha kusafisha habari: toa kinachopingana, toa kigugumizi cha shahidi, toa takwimu moja isiyokaa sawa na wenzake, habari itiririke. Nilikuwa mwanafunzi mzuri. Sasa nikirudia madaftari yangu ya miaka ile, naona nilivyofuta, na najiuliza ni mara ngapi nilifuta habari yenyewe nikabakiza picha safi isiyosema kitu.

Mvua ilipokatika pale Kariakoo, watu walitawanyika. Yule mtoto alikuwa bado anageuka nyuma kutazama dimbwi huku mama akimvuta. Nilitamani nimwambie, "Mwanangu, aliyepaka rangi ni mwanga, na anajua unene wa mafuta." Nikaona mama yake ataniona mwehu. Nikakaa kimya, nikaenda kutafuta daladala.

Wewe je, kuna mchirizi gani kwenye picha yako ambao umekuwa ukijaribu kuufuta?

Wiki njema.